Usitupe mbacha wa maabara

Tarehe 16 Septemba 2023, vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi vilianza kuandika kitu ambacho wenye vyombo hawakukijua. Tetemeko tulilozoea huacha mchoro wa fujo, mistari inayorukaruka kwa dakika kadhaa kisha ikatulia. Safari hii ulikuwa mstari mmoja laini, unapanda na kushuka kila baada ya sekunde 92 hivi, na uliendelea hivyo kwa siku tisa, katika vituo vya Aktiki na vya Antaktika vilevile. Wapo waliodhani mashine zao zimeharibika.

Jibu lilichukua mwaka mzima na wanasayansi 68 kutoka nchi 15. Mashariki mwa Greenland, kwenye mkono mwembamba wa bahari uitwao Dickson Fjord, kilele cha mlima kilikuwa kimeporomoka. Mto wa barafu ulioegemeza mguu wa mlima huo ulikuwa umekonda mwaka hadi mwaka kwa sababu ya joto, mpaka ukashindwa kuushikilia. Mita za ujazo milioni 25 za mawe na barafu zikatumbukia majini na kuinua wimbi la mita 200. Mkono ule wa bahari una kona na kuta ndefu, wimbi halikupata pa kutokea, kwa hiyo maji yakabaki yanayumba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kila yalipoyumba yaliisukuma ardhi. Huo ndio mstari uliokuwa ukiandikwa.

Kinachonivutia zaidi katika mkasa huu ni kituko kidogo cha katikati. Siku ya tatu, maji yakiwa bado yanayumba, meli ya jeshi la majini la Denmark iliingia humo humo Dickson Fjord. Mabaharia hawakuona kitu. Myumbo ulikuwa umeshapungua kiasi kwamba jicho la mtu aliyesimama sitahani lisingeukamata. Ushahidi wa moja kwa moja ulipatikana mwaka 2025, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipofukua vipimo vya setilaiti ya SWOT, chombo cha Marekani na Ufaransa kinachopima kimo cha maji. Setilaiti ilikuwa imepita juu ya eneo hilo katika siku zilezile za 2023 na kurekodi uso wa maji ukiwa umeinama, upande mmoja juu na mwingine chini. Vipimo vilikuwa vimehifadhiwa, na hakuna aliyekuwa amevitazama kwa swali hilo.

Vyombo vyetu vya habari vina kichwa kimoja cha habari za sayansi: "Wanasayansi wagundua". Ukikisoma unapata picha ya mtu mwenye koti jeupe aliyeamka asubuhi, akachungulia kwenye hadubini na kupiga ukelele. Nimekuwa nikifuatilia matokeo makubwa ya miaka hii ya karibuni, ya kemia, tiba, baiolojia na sayansi ya ardhi, na picha hiyo inazidi kunikataa. Mengi ya matokeo hayo yalianzia kwenye kitu kilichokwisha kuonekana zamani na kuwekwa kando kwa sababu kilionekana ni kelele, ni kasoro, au hakina kazi. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Katika mambo ya utafiti, hasa huku kwetu, naona tunautupa kila mwaka wa fedha, tena kwa muhuri wa serikali.

Chukua Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kilometa 45 hivi kusini mwa bonde la Oldupai. Dunia nzima inajua nyayo zilizofukuliwa pale mwaka 1978 na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey, nyayo karibu 70 zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliotembea wima kama sisi. Ziko kwenye vitabu vya shule. Wachache wanajua kwamba miaka miwili kabla, 1976, timu hiyohiyo ilikuta nyayo nyingine mahali pengine palepale Laetoli, tano mfululizo, zenye umbo la ajabu. Zilikuwa fupi na pana, na mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine kama mtu anayetembea juu ya kamba. Likatolewa wazo kwamba huenda ni dubu mdogo aliyesimama kwa miguu miwili. Zilipopatikana zile za 1978, nzuri na nyingi, hizi tano zikasahauliwa. Mvua ikazifukia udongo.

Mwaka 2019 timu iliyokuwa na Ellison McNutt, Jeremy DeSilva na Mtanzania Charles Musiba ilirudi kuzitafuta kwa kutumia ramani za zamani. Wakazikuta, na udongo uleule uliozifukia ndio ulikuwa umezitunza. Kisha wakafanya jambo ambalo lingefanya mkaguzi wa hesabu akune kichwa: walikwenda New Hampshire, Marekani, kwenye kituo cha kulelea dubu yatima, wakawashawishi watoto wa dubu kwa sharubati ya mti wa mepo na matufaa ya kupondwa ili wasimame na kutembea kwenye matope. Wakapima nyayo zao. Wakaangalia pia zaidi ya saa 50 za video za dubu wa porini na kuona kwamba kutembea kwa miguu miwili ni chini ya asilimia moja ya muda wao. Tena katika maelfu ya visukuku vya wanyama vilivyookotwa Laetoli hakuna hata kimoja cha dubu. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature Desemba 2021. Nyayo zile ni za jamaa wa binadamu, na mwendo wake hauendani na wa wale wa 1978. Kama waandishi wako sahihi, aina mbili tofauti za jamaa zetu zilikanyaga majivu yaleyale katika kipindi kilekile.

Nasema "kama" kwa sababu nyayo tano ni chache na wapo wataalamu wanaoona mpaka huo umechorwa mapema mno. Sawa, wabishane. Ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu mtu alichora ramani nzuri miaka ya sabini, ramani ya kitu ambacho baadaye kilionekana hakina thamani kubwa.

Huko kwenye kemia hadithi inafanana, ingawa haina dubu. Nobeli ya Kemia ya 2025 ilikwenda kwa Richard Robson, Susumu Kitagawa na Omar Yaghi kwa kuunda fuwele zenye vyumba ndani yake. Viungo vya metali vimeshikanishwa na molekuli za kaboni mithili ya nguzo na boriti, na katikati kuna nafasi tupu ambamo gesi inaweza kuingia na kutoka. Robson alipata wazo hilo akiandaa mipira ya mbao ya kuwafundishia wanafunzi Melbourne mwaka 1974, akakaa nalo zaidi ya miaka kumi kabla ya kulijaribu. Fuwele zake za kwanza zilibomoka kirahisi, na wakemia wengi hawakuona za nini. Kitagawa aliomba fedha akanyimwa. Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyekulia Amman kwenye chumba ambacho familia iligawana na mifugo, ndiye aliyetengeneza zile ngumu, na baadaye akaonyesha katika jangwa la Arizona kwamba fuwele za namna hiyo zinaweza kunasa unyevu wa hewa usiku na kuutoa kama maji mchana. Mwaka mmoja kabla, Nobeli ya Tiba ya 2024 ilikuwa imekwenda kwa Victor Ambros na Gary Ruvkun, ambao mwaka 1993 walieleza kipande kifupi cha RNA, molekuli ndugu ya DNA, kinachozima jeni katika mnyoo wa urefu wa milimita moja. Wenzao wakanyamaza, ilidhaniwa ni kioja cha mnyoo yule tu. Ilipofika 2000 Ruvkun akaonyesha kipande kingine cha namna hiyo, na hicho kimo karibu katika kila mnyama, mimi na wewe tukiwemo.

Hayo nayapitia haraka, kwa sababu mfano unaotugusa kwenye ngozi, tena kwa maana halisi, ni lenakapaviri, sindano ya kuzuia VVU.

Kirusi cha UKIMWI hubeba jeni zake ndani ya ganda lenye umbo la pia, lililojengwa kwa nakala zipatazo 1,500 za protini moja. Dawa nyingi za awali zililenga vimeng'enya vya kirusi, kwa kuwa kimeng'enya kina kishimo ambamo dawa inaweza kujichomeka na kukiziba. Ganda lilionekana halina mahali pa kushika. Ilichukua miaka ya utafiti wa msingi, mwingi wake ukiwa wa maabara ya Wesley Sundquist katika Chuo Kikuu cha Utah, kuonyesha jinsi vipande vya ganda vinavyoshikana na kwamba mishikano hiyo inaweza kuvurugwa. Kampuni ya Gilead ikatengeneza molekuli inayojipenyeza katikati ya vipande hivyo. Ganda likawa gumu kupita kiasi, na kirusi kikashindwa kufanya kazi zake za kawaida, kuanzia kuingia kwenye kiini cha seli hadi kujiunda upya.

Lakini molekuli ile ilikuwa na aibu moja: haikuyeyuka vizuri kwenye maji. Kwa mtengeneza vidonge hiyo ni kasoro nzito, maana dawa isiyoyeyuka hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Kuna molekuli nyingi zilizoishia kabatini kwa dosari hiyohiyo. Hapa mtu aligeuza swali. Dawa yenye nguvu kiasi kwamba chembe kidogo tu inatosha, tena inayeyuka polepole, ukiichoma chini ya ngozi ya tumbo itakaa pale kama akiba na kujitoa kidogo kidogo. Inakaa miezi sita. Unachomwa mara mbili kwa mwaka.

Jaribio lililoitwa PURPOSE 1 lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, zaidi ya 5,000. Matokeo yalitoka katikati ya 2024. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Kati ya waliopewa vidonge vya kila siku vya kuzuia VVU, vya aina mbili, waliambukizwa 55: wanawake 39 kati ya 2,136 kwa aina moja na 16 kati ya 1,068 kwa nyingine. Jarida la Science likayataja kuwa mafanikio makuu ya mwaka ule.

Ukiishia kwenye sifuri utakosa nusu ya fundisho la jaribio hili. Vidonge vile vinafanya kazi, na hilo lilikwisha kuthibitishwa zamani kwa wanaovimeza. Vipimo vya damu vya PURPOSE 1 vilionyesha kwamba wengi wa mabinti hawa hawakuwa wakivimeza kila siku, na kadiri miezi ilivyokwenda ndivyo walivyopungua. Kwa miaka mingi matokeo ya namna hii kwa wanawake vijana wa Afrika yaliitwa utovu wa nidhamu kwa lugha ya kitaalamu, yakawekewa semina za uhamasishaji. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mabinti hawa angewaambia watafiti bure: kichupa cha vidonge kinalia kwenye mkoba, kinafanana na cha mgonjwa, mpenzi atauliza, mama mwenye nyumba atauliza, shangazi atafungua kabati. Sindano haina kichupa. Kasoro ya watumiaji na kasoro ya molekuli, zote mbili zilizokuwa zikilalamikiwa, zilipowekwa pamoja zikatoa dawa.

Kuhusu bei nitasema machache, maana hapo ndipo furaha inapopata kwikwi. Marekani iliidhinisha sindano hiyo Juni 2025 kwa bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Miezi mitatu baadaye yakatangazwa makubaliano na kampuni za India, Dr. Reddy's na Hetero, kuitoa kwa dola 40 kwa mwaka katika nchi 120 kuanzia 2027. Tofauti ya bei hizo mbili haielezwi na kemia yoyote ninayoijua. Na Brazili, Argentina, Meksiko na Peru, ambako watu walijitolea miili yao kwa jaribio la pili la sindano hiyo, hazimo kwenye orodha ya 120. Uganda imo.

Sasa niweke breki kidogo, maana hoja yangu ina mtego. Ukikusanya hadithi za vitu vilivyotupwa vikaja kuwa dhahabu, unasahau kwamba vitu vingi vilivyotupwa vilistahili kutupwa. Kwa kila lenakapaviri kuna maelfu ya molekuli zisizoyeyuka ambazo hazina faida yoyote na hazitakuwa nayo. Kwa kila mstari laini wa siku tisa kuna mashine ambazo kweli zimeharibika. Mtu anayekuambia wazo lake ni sahihi kwa kuwa limekataliwa ni wa kuogopa. Wauza dawa za miujiza wa mitandaoni wanaishi kwa hoja hiyo. Robson hakuwa sahihi kwa sababu alipuuzwa. Alikuwa sahihi kwa sababu fuwele zilipopimwa vyumba vilikuwamo.

Kwa hiyo sidai kwamba tuamini kila kilichokataliwa. Nadai kwamba tukitunze na kukiandika vizuri, kwa sababu gharama ya kutunza ni ndogo na hakuna anayejua mapema kipi kitaulizwa. Na hapo ndipo naona nchi zetu zinakwenda kombo.

Utafiti wa Afrika Mashariki unaendeshwa kwa miradi. Mfadhili anatoa fedha za miaka mitatu au mitano, gari jeupe linanunuliwa lenye nembo mlangoni, sampuli zinakusanywa, ripoti inaandikwa, mradi unafungwa. Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri inabaki. Nani analipia umeme wake mwaka wa sita? Nani anabadilisha betri ya jenereta? Kwenye bajeti ya mradi hakuna kifungu hicho, na kwenye bajeti ya taasisi kuna mishahara na posho. Umeme ukikatika wikiendi moja ndefu, damu ya watu waliokubali kuchomwa sindano kwa ajili ya wenzao inaharibika, na hakuna gazeti litakaloandika. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi na kuandika asilimia 2 kwenye Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Haijawahi kufikiwa. Hata zinapopatikana senti, zinakwenda kwenye kile kinachopigika picha: mashindano ya ubunifu, vituo vya teknolojia vyenye kuta za rangi, mkutano hotelini.

Ilhali tuna ushahidi wa nyumbani kwamba utunzaji unalipa. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, walianza kukausha majani na maua na kuyabandika kwenye karatasi, kila moja na tarehe na mahali lilipochumwa. Mkusanyiko huo ndio ulioanzisha hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyohamia Nairobi mwaka 1950. Aliyekausha jani mwaka 1905 hakuwa na habari ya DNA wala ya ongezeko la joto. Leo jani kavu linaweza kutoa vyote viwili: jeni zake, na ushahidi wa mwezi ambao mmea huo ulikuwa ukichanua kabla hewa haijabadilika.

Mfano bora kuliko wote uko Ziwa Victoria. Tangu 1896 kimo cha ziwa hilo kimekuwa kikisomwa kwenye vituo vya kando yake, kimojawapo kikiwa Jinja, Uganda, mahali Nile inapoanzia. Ni kazi isiyo na sifa: mtu anakwenda, anaangalia alama za kipimo majini, anaandika namba, anaondoka. Wamebadilika wakoloni, wamekuja marais, yamepita mapinduzi na vita, namba zikaendelea kuandikwa. Mwishoni mwa 2019 mvua zikaja kwa fujo, na kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 1.2 ndani ya siku 180, likaipita rekodi ya 1964 kwa unywele tu. Kisumu, Busia, Entebbe, Mwanza, mialo ikamezwa, watu wakahama na magodoro kichwani. Wanasiasa wakalaumu bwawa, wengine wakalaumu jirani.

Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Rosa Pietroiusti walitoa hesabu yao. Walijenga modeli ya maji yanayoingia ziwani na yanayotoka, wakaipima dhidi ya kumbukumbu ndefu za kimo cha ziwa, kisha wakauliza: kupanda kwa kasi kama kule kungetarajiwa mara ngapi katika dunia isiyopashwa joto na binadamu? Wakapata kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wake mara 1.8. Bila namba zile za kuchosha hesabu hiyo isingefanyika, na tungebaki na bwawa na jirani. Hesabu ya aina hii ndiyo unayoibeba unapokwenda kudai fidia kwenye mikutano ya tabianchi, na ndiyo inayomwambia mhandisi aweke ukuta wa mwalo kwa kimo gani.

Sehemu kubwa ya kumbukumbu za hali ya hewa za bara hili bado ziko kwenye karatasi: madaftari ya vituo vya mvua vya misheni, mashamba ya mkonge, stesheni za reli, ofisi za wilaya. Wino unafifia na mchwa hawasubiri zabuni. Kuzipiga picha hakuhitaji profesa wala maabara, kunahitaji kamera, meza, kijana aliyemaliza kidato cha sita na ofisa mmoja wa kuhakikisha kwamba namba aliyoingiza ndiyo iliyoandikwa. Bajeti husomwa Juni. Nimezoea kusikia ndani yake "uchumi wa kidijitali" na "akili mnemba". Mwaka ambao waziri atatamka kifungu cha kuokoa madaftari ya mvua na kulipia umeme wa friji za sampuli, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi, hata kama bungeni watakuwa wamesinzia.